Bi Verlene Anaiacha Kaunta, Kodi ya Unga Imebaki

Bi Verlene Tolliver anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Oktoba, baada ya miaka thelathini na nne kwenye kaunta ya malipo ya Duka la Harkness. Jumanne inayofuata kaunti yetu inapiga kura ya kodi kwa mara ya pili. Wafanyakazi wenzangu wameniomba niandike habari zake, maana nimekaanga kuku katika jiko la duka, nyuma ya mgongo wake, miaka mingi kuliko wote. Nitaandika mazuri yake. Lakini yapo yaliyonikaa kooni, naye anayajua, basi na hayo yataingia.

Alianza kwa kufagia na kupanga makopo, akiwa na mimba ya Darnell, mtoto wake wa kwanza. Siku moja keshia aliugua, marehemu Mzee Harkness akamweka Verlene kaunta kwa muda, kisha akasahau kumwondoa. Ulipopita ule upepo mkubwa na umeme ukakatika, alipiga hesabu kwa kalamu juu ya mifuko ya karatasi, na duka halikufungwa hata siku moja. Anajua nani amekatazwa nyama ya nguruwe na daktari, na nani anaificha chini ya mkate akidhani haonekani.

Lakini watu wa mbali wanamjua kwa kopo la kumi. Majimbo mengi ya Marekani yameacha kutoza kodi ya chakula. Letu limeng'ang'ania. Ukijumlisha ya jimbo, ya kaunti na ya mji, katika kila dola kumi za unga na maziwa, moja inakwenda. Basi mteja akileta makopo kumi ya maharage, Bi Verlene anainua moja na kuliweka nyuma yake.

"Hili la gavana."

"We Verlene, rudisha kopo langu!"

"Mbona mimi unanifokea? Gavana humwambii kitu."

Kisha anacheka na kulirudisha. Mchungaji Gaines alipokuja na bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani, Bi Verlene alimshika yule bata mguu mmoja, hakuuachia. Mchungaji akamwambia fungu la kumi ni la Mungu. "Basi gavana kamtangulia," akajibu. Mchungaji mwenyewe alikisimulia kisa hicho madhabahuni.

Sasa mniambie, mtu wa namna hiyo mngemtarajia apige kura gani?

Miaka minne iliyopita jimbo lilituletea pendekezo: kodi ya chakula iondolewe, makampuni yenye misitu mikubwa ya misonobari yalipe zaidi kwa ardhi yao, na fedha hizo zifungue tena wodi ya wazazi iliyofungwa hapa kwetu. Mimi shule niliiacha mapema, lakini hata mimi nililielewa. Nikajua litapita kabla ya saa sita mchana.

Halikupita. Na kaunti yetu, hohehahe kuliko zote, ndiyo iliyolikataa kwa kishindo. Mabango ya "Linda Ardhi Yako" yalisimama hata kwa watu ambao ardhi yao ni ndoo ya maua. Sababu zao nilizisikia kwenye foleni ya kuku. Bwana Otis Crandall alisema wakimaliza misitu watamjia yeye.

"Otis," nikamwambia, "wewe una nyumba ya trela na mbwa."

"Na hilo trela limekaa juu ya nini, hewani?"

Watu wakacheka, na kura ikaenda na kicheko.

Bi Verlene alipoingia jikoni nikamlilia. Akanitazama akasema, "Na mimi nimekataa." Mwiko ukaniponyoka ukaingia kwenye mafuta.

"Wewe? Wewe wa kopo la kumi?"

"Mimi. Senti ya paa unaikumbuka?"

Nani asiyeikumbuka. Jimbo liliongeza senti moja kwenye kila dola ili paa la shule litengenezwe, miaka mitatu tu, kisha iondoke. "Senti ipo mpaka leo, naitoza kwa mkono wangu," alisema. "Na paa linavuja mpaka leo. Mjukuu wangu anasoma na ndoo kando ya dawati. Aliyeahidi kuiondoa ile ndiye anayeahidi kuiondoa hii."

"Kwa hiyo kwa hasira ya paa unatunyima wodi?"

"Mimi sinunui kitu nisichokiona, shoga."

Hatukusemeshana mpaka Krismasi. Nilikuwa nampitishia sahani za wateja dirishani kama mtu anayelisha mamba.

Na hasira yangu haijaisha, sitadanganya kwa sababu ya sherehe. Mwaka huu, majira ya kuchipua, Latrice wa ghala alijifungulia kando ya barabara, pale kiwanda cha mbao, malori ya magogo yakipita. Mtoto yu mzima, ashukuriwe Mungu. Sasa binti yangu Keyonna anatarajia kujifungua katikati ya Novemba. Hospitali iliyo karibu ni zaidi ya saa nzima kwa gari. Kila akijishika kiuno mimi nashika funguo, na gari langu siku linawaka, siku haliwaki.

Pendekezo limerudi, safari hii limeongezewa kipengele kwamba fedha za ardhi zibaki kwenye kaunti. Mbunge wetu wa jimbo alikuja ukumbi wa kanisa kulieleza kwa michoro yake. Alipouliza kama kuna maswali, nani akasimama? Nilimvuta gauni, wapi.

"Paa liko wapi?"

Mbunge akasema lile lilikuwa jambo la bunge lililopita.

"Na wewe, baba, utakuwa lililopita lini?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mimi nikatamani kuzama chini ya benchi. Lakini nikiwa nyumbani nikakiri: yule bwana alitakiwa aseme tu, paa tuliwakosea, poleni. Hakusema. Hao waheshimiwa wanadhani hatujui hesabu. Tunaijua, tumeachia kopo la kumi maisha yetu yote. Tuliyemkosa ni wa kumwamini.

Nimemwuliza atapiga kura gani Jumanne. "Kura yangu ni kama gaguro langu chini ya gauni," amenijibu, "ipo, na huhitaji kuiona."

Tulipochanga zawadi ya kumuaga tulitaka kumnunulia kiti cha kubembea. Akakataa, akaomba matairi manne. Tukashangaa, mstaafu anakwenda wapi? Jumapili nikapita kwake. Gari lake kuukuu limeegeshwa likitazama barabara, matairi mapya, tangi limejaa. Kwenye kiti cha nyuma kuna blanketi na taulo safi zilizokunjwa. Alikuwa ameshampigia simu Keyonna: "Mwanangu, ukisikia chochote, usimsubiri mama yako atafute viatu. Niite mimi."

Nilirudi nyumbani nikalia, kisha nikakasirika upya.

Maana gari lako ni moja, Bi Verlene. Baada ya Keyonna kuna mke wa Darnell wako, na baada yake binti wa Otis, na macho yako yanavyofifia ikifika jioni tunayajua. Utawabeba wangapi?

Kwa niaba ya kaunta, ghala na jikoni, asante kwa miaka yote uliyotuchekesha tukiwa tumechoka. Ustaafu salama, miguu yako iliyosimama kwa ajili yetu ipate kukaa, na Mungu akupe uzee wenye paa lisilovuja.

Jumanne vituo vinafunguliwa saa moja asubuhi. Uwe umevaa, nitakuja kwako kwa miguu. Tutakwenda na gari lako.

Earnestine, jikoni