Nchi Yetu ya Juu ya Maji

Benchi letu liko Koboko mjini, pembe ya Uganda inayopakana na Sudan Kusini na Kongo, mbele ya jiko la Rehemah anayetuuzia kahawa ya tangawizi. Kazi hatuna, maoni tunayo tele. Jumamosi ile Latifu, tunayemwita Kamanda ingawa hajawahi kushika hata rungu, alileta habari ya kwenye simu: kuna watu wanajenga miji inayoelea baharini, isiyo chini ya serikali yoyote. Jina lake alishaandikisha. Pikipiki ya abiria inayolisha watoto wake wanne ilikuwa pembeni, imeoshwa, inasubiri mnunuzi ili apate nauli ya huko. Marafiki wa kweli wangemzuia. Sisi tulianza kugawana vyeo.

— Bahari iko ya nani? — alisema Kamanda. — Hakuna mutu! Hakuna kodi, hakuna polisi.

— Na chakula? — niliuliza.

— Samaki iko chini ya kitanda. Wewe natoboa sakafu, navuta.

Abdunoor, ambaye ni Profesa kwa sababu ya miwani tu, alitikisa kichwa.

— Mimi hapana ishi bila muhogo. Tunabeba udongo ya shamba yetu ya Dranya, lori kumi, tunapanda huko.

— Itazama, Profesa! — nilisema.

— Tunafunga madumu chini. Koboko iko na madumu mingi kuliko watu.

— Nani ataendesha hiyo nchi? — niliuliza.

— Upepo, — alijibu Profesa. — Leo iko karibu na Mombasa, kesho karibu na Uhindi. Mutu ya kodi atachoka.

— Na mimi nakuwa mkubwa ya jeshi ya maji, — alisema Kamanda.

— Wewe najua kuogelea? — aliuliza Profesa.

— Mkubwa hapana ogelea. Mkubwa napigiwa saluti.

Mimi nilipewa mambo ya nje, kwa kuwa nimefika Kampala mara mbili. Nilikubali bila aibu. Bahari yenyewe hakuna kati yetu aliyewahi kuiona.

Mnunuzi akafika: Saturnino, mkimbizi wa Sudan Kusini anayeishi kambini Omugo. Aliminya matairi, akauliza kwa nini kitu kizuri hivi kinauzwa. Tukamweleza, tukidakiana maneno. Alisikiliza mpaka mwisho.

— Mimi pia nilipata nchi mpya, — alisema. — Tulicheza ngoma siku tatu. Baadaye tulipigana, nikatembea kwa miguu mpaka hapa.

Akamgeukia Kamanda.

— Huko kwa maji, kama nyinyi napigana, nyinyi nakimbia kwa nani?

Mwaka wa sabini na tisa, vita vilipofika kwetu, mama yake Profesa alimbeba mgongoni kuvuka kwenda Sudan. Mimi nilizaliwa upande wa Kongo, katika kukimbia kulekule, na uji wangu wa kwanza ulitoka kwa jirani ambaye mama hakujua hata lugha yake. Niliona haya kweli.

Kamanda alinitazama mimi, waziri wake. Niliagiza kahawa nyingine.

— Sasa pikipiki iko ya kuuza? — aliuliza Saturnino.

Kamanda alipanda, akaiwasha.

— Panda nyuma, — alisema. — Mimi nakupeleka stendi ya gari ya Omugo.