Dakika Tatu za Bi. Shamila

Jumanne tarehe 30 Juni 2026, saa tisa na nusu alasiri, Bi. Shamila Majidi atakabidhi funguo za dawati la wateja la ofisi yetu ya simu hapa Tabora na kwenda zake nyumbani Isevya. Atakuwa ametumikia simu kwa miaka arobaini, miezi mitano na siku kumi na saba. Nimehesabu mara mbili, maana kamati ya sherehe iliandika "takriban miaka arobaini", na mtu aliyekaa muda wote huo hastahili takriban.

Kamati hiyo hiyo ilitaka aingie ukumbini huku unapigwa ule wimbo wa "Ungesubiri, Shamila". Nimekataa, na wenzangu wameninunia. Wasome kwanza, halafu waninunie vizuri.

Bi. Shamila alianza kazi Jumatatu ya 13 Januari 1986, akiwa na miaka kumi na tisa. Chumba cha swichibodi kilikuwa na viti sita, yeye akapewa cha nne, kando ya dirisha. Zamu moja ilikuwa na simu kama mia na arobaini, zote zikiunganishwa kwa mkono, waya kwa waya. Kwenda Kigoma zilikuwepo laini mbili tu, zimefuata reli, na reli imefuata njia ile ile waliyopita wapagazi na pembe zao za ndovu. Laini mbili kwa mji mzima! Ndiyo maana simu ya mbali ilipewa dakika tatu. Zikiisha na kuna watu kwenye foleni, opereta anaingia, anasema "Dakika tatu", anakata.

Opereta alikuwa na masharti mawili ambayo vijana wa leo hawayajui. La kwanza, siku ya kuanza kazi alikula kiapo kwamba hatasema kamwe nani alimpigia nani, wala walizungumza nini. La pili, mteja akiudhika akauliza, "Wewe nani?", opereta lazima ataje jina lake, ili mteja ajue wa kumshitaki.

Alikuwa na ulimi mtamu. Mzee mmoja mfanyabiashara wa Gongoni alizoea kupiga kelele mpaka sindano za mitambo zinaruka. Bi. Shamila akamwambia, "Shikamoo baba. Ukishusha sauti kidogo, Kigoma watakusikia kwa simu badala ya dirishani." Mzee alicheka, na Idi iliyofuata akaleta sahani ya halua. Mvua kubwa za 1998 zilipoharibu njia, Bi. Shamila alikaa kitini saa thelathini na moja. Wakati huo nilikuwa mchimba mashimo ya nguzo, na yeye ndiye aliyetuelekeza kwa redio, nguzo baada ya nguzo, mpaka tukafika palipokatika.

Sasa wimbo.

Ulianza kusikika redioni Februari 1988, umepigwa na bendi ya hapa hapa, Wana Miombo, mtunzi wake Vedasto Lugembe. Mnaujua. Gitaa linaanza polepole kama mtu anayerudi nyumbani bila hamu, kisha ile sauti: "Ungesubiri, Shamila, nilibakiza neno moja." Mama zetu waliupikia, baba zetu waliulilia baa. Tabora nzima iliuliza Shamila ni nani, na haikuchukua wiki mbili kumpata. Vedasto alikuwa akija mara kwa mara kwenye jengo letu kupiga simu, na ndani ya jengo alikuwemo Shamila mmoja tu, mrembo, ana miaka ishirini na moja. Hesabu hiyo kila mtu aliifanya, na kila mtu aliikosea.

Wakati huo alikuwa amechumbiwa na Rashidi Mfaume, seremala wa Gongoni. Harusi ilipangwa wiki mbili baada ya Idi, na kitanda cha mninga kilishamalizika, bado msasa tu. Mama yake Rashidi hakwenda mbali kuutafuta umbea. Ulikuwa unapigwa redioni mara tatu kwa siku. "Mwanangu," alisema mbele ya majirani, "huyo mkeo mtarajiwa anaimbwa hadi Bukoba. Wewe utamwimbia nini, randa?"

Rashidi alikuwa muungwana. Alikuja kumsubiri getini, akamuuliza swali moja: "Umewahi kuzungumza na huyo mpiga gitaa?" Bi. Shamila angeweza kusema hapana yakaisha. Hakusema uongo. Angeweza kusema ndiyo na kueleza. Hakueleza. Alijibu, "Rashidi, hilo siwezi kulijibu." Akamwambia mara ya pili, akamwambia mara ya tatu. Posa ikarudishwa. Rashidi akahamia Ziba na zana zake.

Mwaka 1995 Bi. Shamila aliolewa na marehemu Mwalimu Abasi, mtu wa kheri, wakajaliwa Najiat na Yasmini. Lakini wimbo haukumwacha. Jina lake lilipelekwa juu kwa nafasi ya usimamizi mwaka 1997, 2003 na 2008, na mara zote tatu lilirudi, huku wakubwa wakitabasamu na kusema, "Ah, yule wa wimbo." Watu aliowafundisha kazi kwa mikono yake walimpita. Na mimi nisijitoe: miaka mingi alipopita koridoni nilipiga mluzi wa gitaa lile, nikijiona mcheshi. Hakunijibu hata siku moja.

Machi mwaka huu alikuja mzee mmoja kutoka Ulyankulu, mkulima, miaka sabini na moja, laini yake ina hitilafu. Bi. Shamila alikuwa likizo, nikamhudumia mimi. Akasoma orodha ya wastaafu ubaoni, akavua kofia. "Huyu Shamila ndiye yule opereta?" Alikuwa Vedasto Lugembe. Mbele ya watu wanane alieleza kwamba hajawahi kumwona Bi. Shamila hata kwa macho. Novemba 1987 alimpigia mwanamke aliyempenda, mchumba wa mtu mwingine, aliyekuwa aolewe kesho yake. Alizungukazunguka kwa salamu na habari za mvua. Alipofika kwenye neno lenyewe, sauti ikaingia: "Dakika tatu." Kwenye foleni kulikuwa na simu ya hospitali. Akafoka, "Wewe nani?" Akajibiwa, "Shamila." Laini ikakatika.

Jina la yule mwanamke lisingeweza kuimbwa, lingevunja ndoa yake. Jina lililobaki masikioni mwake lilikuwa moja tu. Alidhani watu wote wanajua ni opereta, akapiga gitaa lake akaenda zake. Tulipomweleza yaliyompata Bi. Shamila, mzee alikaa chini kwenye benchi la wateja, akasahau hata hitilafu yake.

Wimbo wa kulalamikia dakika tatu una dakika saba na nusu. Umemkalia mtu miaka thelathini na minane.

Nilimfuata Bi. Shamila kuuliza kama ni kweli. Akasema, "Mwenye simu akishasema, mimi sina la kuongeza." Nikauliza yule mwanamke alikuwa nani. Akanitazama kama mwanafunzi asiyefaulu. "Upande wa pili haujaja kusema."

Zawadi yetu ni kiti cha mninga cha kupumzikia. Kamati ilitaka cha dukani. Nikapanda basi kwenda Ziba, kwa seremala mwenye mvi na wajukuu sita, nikaagiza. Alipouliza ni cha nani nikamweleza yote, kuanzia kiapo. Akaendelea kupiga randa kitambo. Kisha akasema, "Mara tatu aliniambia hawezi kujibu. Sikumsikia." Nikamwambia gari la ofisi litafuata kiti tarehe 29. Akakataa. Amesema atakileta mwenyewe.

Bi. Shamila, ahsante kwa simu zote ulizounganisha, na kwa zile ulizonyamazia. Samahani kwa mluzi. Kaa kwenye kiti chako, upate afya na wajukuu wa kukusumbua. Na huyo mgeni wa Ziba akifika, zungumzeni mpaka mchoke. Safari hii hakuna atakayeingia kwenye laini.