Pale Pake Emrys

Wasikilizaji wapendwa, leo namkumbuka Emrys Pugh, na nawaambia mapema: marehemu ametuchosha. Alikuwa mpeleka barua mstaafu wa hapa kijijini Pont-y-wern, mvuvi wa samaki aina ya trauti. Alivua kwa ndoana aliyoivisha manyoya na sufu ifanane na mdudu. Amefariki msimu wa uvuvi ulipofungwa tu, akatuacha kwenye mataa.

Msimu mzima alivua katika mto wetu. Wapi hasa? Hakuna aliyejua. Asubuhi anawasha gari, anapotea. Mkewe, Bi Eluned, anabaki akianika nguo na kumsema peke yake: "Mwanamume gani huyu, mtoni mtoni tu." Jioni anarudi kalowa, kanawiri kama bwana harusi.

Mvuvi wa mto huu hamwonyeshi mwenzake penye samaki. Mimi aliniambia, "Nenda chini ya daraja, ndugu yangu." Nikasimama majini kiangazi kizima. Nilichopata ni mafua.

Basi, yuko hospitali, hali mbaya. Bi Eluned yupo, na Dilwyn, mvuvi mwenzake wa tangu ujana. Emrys akasema, "Majivu yangu mkayamwage pale pangu."

"Pako wapi, mume wangu?"

Akamtazama Dilwyn. Akafumba mdomo.

"Emrys, unakufa."

"Najua. Lakini huyu hafi. Nitakwambia akitoka."

Dilwyn akatoka. Kabla hajafika mlango wa nje, Emrys akakata roho.

Mnayaona mambo haya, wasikilizaji wapendwa? Pale pake. Pale pake wapi? Mwili ukachomwa, majivu yakakaa kabatini jikoni, kando ya unga. Dilwyn akaapa ni kwenye kinu cha zamani cha kusagia nafaka, kando ya mto. Mimi nikaapa ni darajani. Bi Eluned akasema, "Nyamazeni. Wote wawili aliwadanganya. Nimemwahidi mume wangu, na sina pa kumpeleka." Akalia.

Juzi mti wa mwerebi ulio nyuma ya nyumba yao ulimaliza kupukutisha majani. Uko ukingoni mwa mto, karibu kabisa na kamba ya nguo. Bi Eluned anaanua mashuka, akaona vitu vyekundu matawini. Ndoana tele, zilizonasa mtini mvuvi alipokuwa akirusha uzi. Zote zimevishwa sufu ya sweta jekundu la Bi Eluned, lile aliloambiwa na mumewe limeliwa na nondo.

Kumbe gari aliliegesha nyuma ya kanisa, akarudi kwa miguu kando ya mto. Msimu mzima, mtu yuko nyuma ya mashuka ya mkewe. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Pole sana, Bi Eluned, na ukoo wote wa Pugh. Nanyi mnaosikiliza, mwenye pake na aseme leo, hata kama mvuvi mwenziwe anasikia.

Jana tumeyamwaga majivu pale pake. Dilwyn akayatazama yale maji kwa jicho la tamaa. Bi Eluned hakumjali. Alirudi kwenye kamba, akachukua shuka lililolowa, akalikung'uta.

"Kumbe ulikuwa unanisikia," akasema. "Basi kaa hapo hapo, Em. Sijamaliza."