Mzee Luhaga na Mashine Isiyo na Usukani

Jumanne, tarehe 30 Juni 1998, saa kumi jioni, Mzee Luhaga Shimba atazima mashine ya kukatia majani kwa mara ya mwisho na kukamilisha miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika Kiwanda cha Kuchambua Pamba Mwalugesha. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Teodora wa simu, kazi ya kuandika habari zake katika jarida letu, kwa maelezo kwamba dirisha langu linatazama uwanja alioukata miaka yote hiyo, kwa hiyo nimemwona kuliko mtu mwingine. Ni kweli nimemwona. Kuelewa nilichokiona ni jambo jingine kabisa, na wasomaji wanivumilie.

Mzee Luhaga alivuka kwa kivuko kutoka kwao Sengerema mwaka 1967, kijana aliyejulikana kijijini kwa kuendesha mkokoteni wa maksai. Hapa aliajiriwa kubeba marobota ya pamba. Miaka minne baadaye lilipoletwa trekta la kukatia majani, hakuna aliyelitaka, maana watu waliona kufyeka ni adhabu ya watoto wa shule waliochelewa kuhesabu namba asubuhi. Luhaga alilipanda siku ya kwanza na hakushuka tena kwa robo karne.

Wageni huuliza kiwanda cha pamba kina haja gani na mkata majani. Jibu ni moto. Wafanyakazi wa zamani wanakumbuka kiangazi cha mwaka 1983, moto wa mashambani ulipopanda kilima na kuja moja kwa moja kwenye marobota yetu. Tulikimbia na ndoo ambazo nusu yake zilikuwa na matobo. Moto ukafika kwenye ukanda alioukata Mzee Luhaga wiki ile, ukatambaa, ukakosa cha kula, ukazimika. Yeye hakuwepo. Alikuwa amepewa ruhusa kwenda harusini, na aliporudi akatukuta weusi kama wachoma mkaa, alitaka kujua nani ameunguza majani yake ya pembeni.

Hayo ndiyo niliyoyaelewa. Halafu ikaja miaka hii ambayo sijui niiite nini.

Serikali iliruhusu kila mwenye uwezo anunue pamba, na wanunuzi wakajaa vijijini na mizani zao. Malori yaliyokuwa yakipanga foleni getini kwetu yakaanza kupita njia nyingine. Kiwanda kikatafutiwa mbia, mbia akapatikana, akaondoka, akapatikana mwingine. Kibao cha getini kilipakwa rangi upya mara tatu. Asubuhi moja niliagizwa nikipokea simu nitaje jina jipya la kampuni, na baada ya chakula cha mchana nikaambiwa nirudie la zamani mpaka mambo yakae sawa. Wiki nzima nilipokea simu kwa kusema halo tu. Uwanja wa mpira ukauzwa na kuzungushiwa ukuta. Kiwanja cha ndege za kunyunyizia dawa kikagawanywa viwanja vya nyumba. Kila ukuta mpya ulipopanda, trekta la Mzee Luhaga lilizidi kukosa pa kugeukia, mpaka ikafika siku likiingia bustani ya mbele linatoka kinyumenyume kama mtu aliyekosea mlango.

Mwaka 1996 uongozi ukaliuza trekta na kuleta mashine ndogo ya kisasa. Ilikuwa na kiti kimoja, matairi mawili manene nyuma, mawili madogo mbele kama ya kitanda cha hospitali, na visu tumboni. Usukani haikuwa nao. Mbele ya kiti kulikuwa na mikono miwili ya chuma, mmoja kulia na mmoja kushoto. Ukiisukuma yote miwili, mashine inakwenda mbele. Ukiivuta yote miwili, inarudi nyuma. Ukisukuma mmoja na kuvuta mwingine, inazunguka palepale ilipo bila kuhitaji nafasi, na hiyo ndiyo sababu iliyofanya inunuliwe. Fundi wetu mkuu, Bwana Odoyo, aliizunguka, akainama akachungulia chini, akatangaza kwamba kuna kifaa kimesahaulika bandarini.

Meneja wetu, Bwana Josephat Masele, hakuficha jambo. Kikosi cha bustani kilichokuwa na watu sita kingebaki na mtu mmoja. Atakayeimudu mashine angeendelea na kazi, na wengine wangepunguzwa.

Neno hilo, kupunguzwa, lilikuwa na historia nyumbani kwa Mzee Luhaga. Mdogo wake, Ngosha, alipunguzwa katika kazi yake mwaka 1993, akarudi Sengerema na godoro kichwani. Majirani walimjia wakaketi chini kimya, wakampa pole mmoja mmoja, na mama mmoja akaleta mzigo wa kuni kama inavyofanyika penye msiba. Mzee Luhaga alikuwa likizo, akayaona hayo kwa macho yake. Tangu hapo alimwambia kila aliyetaka kusikia, na wengi ambao hawakutaka, kwamba yeye ataondoka Mwalugesha kwa makofi, siyo kwa kuni. Mashine ilipofika alikuwa amebakiza miaka miwili tu astaafu. Mke wake, Mama Paskazia, aliniambia kwamba wiki ile ya majaribio alikuwa akinawa, anamega tonge moja, kisha anatazama ukuta.

Siku ya majaribio ofisi zote zilihamia barazani. Bustani yetu ya mbele inateremka mpaka ziwani, na wakati ule magugumaji yalikuwa yamefunika ufukwe wote, hata mtu asiyejua angedhani bustani inaendelea mpaka ng'ambo. Mzee Luhaga alipanda na kofia yake. Hakuuliza swali, kwa sababu alipoiona ile mikono miwili alikuwa ameshaitambua. Kwake ilikuwa jozi ya maksai. Wa kulia akamwita Kulwa na wa kushoto Doto, majina ya maksai wa baba yake. Ukitaka kukata kona kushoto, unamzuia Doto na kumwachia Kulwa apite. Akawasha, akaenda, akakata kona, akarudi, na nyuma yake majani yamelala sawasawa. Tulipiga makofi. Bwana Odoyo aliacha kuzungumzia bandari.

Kisha meneja akanyoosha mkono kumwashiria asimame.

Mtu aliyekulia kwenye maksai akitaka kusimama huvuta kamba zote mbili. Mzee Luhaga akavuta. Mashine ikaanza kurudi nyuma. Akaona hawajatii, akavuta kwa nguvu zaidi, na mashine ikaongeza mwendo. Sisi tukapiga kelele asimame, naye alikuwa akisimamisha kwa uwezo wake wote, amejilaza mgongo, miguu imekaza, anawakemea Kulwa na Doto kwa Kisukuma kizito, na kadiri alivyowazuia ndivyo walivyokimbia. Ilipita kwenye maua, ikapita kati ya viti viwili vya wageni bila kuvigusa, ikateremka kuelekea majini. Matairi ya nyuma yalipoingia kwenye magugumaji mzee aliruka. Na alipobanduka tu kitini, mashine ikanyamaza.

Leo tunajua kwamba imetengenezwa hivyo, dereva akitoka kitini injini inazimika. Siku ile hakuna aliyejua. Bwana Odoyo alisema imekufa. Dorcas wa kantini alisema imeona haya.

Meneja alimpa pole, akamwambia mbele yetu sote kwamba sasa ni vizuri apumzike. Kila mtu alielewa maana yake. Mzee Luhaga alivua kofia, akaivaa tena, akaondoka kwa miguu kupitia lango dogo ili asipite mbele ya watu. Mimi nilirudi kwenye simu zangu na sikumbuki nilimuunganisha nani na nani jioni ile. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika, na sikujua nimkasirikie nani.

Lakini mashine ilihitaji mtu. Akapanda Elias, dereva wa pikapu, ambaye ana leseni ya magari makubwa. Mikono yake ilikuwa ikipapasa hewani ikitafuta usukani, na mashine ikamzungusha papo hapo mpaka akashuka akiwa ameshika kichwa. Akapanda Bwana Odoyo, akavunja bomba la maji. Siku iliyofuata alipanda meneja mwenyewe, na tai yake, akatokezea upande wa pili wa ua wa michongoma. Baada ya hapo mashine ilikaa kwenye kibanda na majani yakaota mpaka dirishani kwangu.

Ndipo Mama Paskazia alipokuja. Alisimama pale dirishani, akaiitikia shikamoo yangu bila kucheka, akaomba kumwona meneja. Nilidhani anakwenda kulia. Ombi lake lilikuwa moja tu, mume wake aruhusiwe kukaa kwenye mashine wakati wa chakula cha mchana, injini ikiwa imezimwa. Meneja hakuona hasara yoyote katika hilo, akakubali.

Basi kila mchana Mzee Luhaga alikaa kibandani juu ya mashine iliyozimwa, midomo ikicheza. Watu walianza kunong'ona kwamba amechanganyikiwa. Nami siku moja nikapita karibu kwa kisingizio cha kumwamkia, nikasikia alichokuwa akisema. Hakuwa akiwasemesha Kulwa na Doto. Alikuwa akiikanya mikono yake mwenyewe isivute.

Majaribio ya pili yalikuwa na watazamaji wachache, maana wengi waliogopa kuona aibu ya mzee mara mbili. Alikata mstari wa kwanza, akakata kona, akateremka mpaka karibu kabisa na maji, na meneja akanyoosha mkono. Nilifumba macho. Nilipofumbua, mashine imesimama, na Mzee Luhaga amefungua viganja vyote viwili na kuviweka magotini, jasho linamtoka kama aliyebeba robota. Tulipomuuliza amefanyaje, alijibu kwamba maksai hawa ni wa namna nyingine: "Ukiwavuta wanakimbia, ukiwalegezea wanasimama." Nimelifikiria jibu hilo miaka miwili, hasa siku ambazo kibao cha getini kinapakwa rangi, na bado sijapata pa kulishikia.

Tangu hapo kazi ilikwenda vizuri, ikazidi kuwa ndogo. Kile alichokata na trekta kwa siku tatu kilikuwa kimeshauzwa, na kilichobaki alikimaliza kabla ya chai. Alianza kukata tena palepale alipokata jana. Alilalamika kwamba mashine hii inasaga majani hata hayafai kuokotwa, ilhali zamani wanawake wa jirani walipata mizigo ya kulisha ng'ombe wao. Hata hivyo hakukosa siku, na mwezi Machi mwaka huu meneja alithibitisha kwamba Mzee Luhaga Shimba atastaafu kwa tarehe yake, kwa heshima zote. Yeye alikuja kuniambia mimi kwanza nipige simu Sengerema. Kwao hakuna simu. Nilimkumbusha, akacheka, akakaa pale pale akifurahi.

Nilikuwa nimefika hapa katika kuandika, nikibakiza shukrani, tulipoitwa sote kwenye ghala Jumatatu iliyopita. Mbia amebadilisha nia. Pamba basi. Mahali hapa patakuwa ghala la barafu la samaki, na sisi wote, kuanzia getini mpaka ofisi ya meneja, tunapunguzwa mwisho wa Julai. Bwana Masele mwenyewe alisoma tangazo, akafika kwenye jina lake, akalisoma kama mengine. Nimemuuliza kama niliondoe jambo hili kwenye jarida, akasema niliache.

Kwa hiyo mtu tuliyekuwa tukimhurumia kwamba atapunguzwa ndiye peke yake atakayestaafu. Baada yake hakuna. Nimejaribu kufurahi kwa ajili yake na kulia kwa ajili yetu kwa wakati mmoja, na sioni kama nimeweza hata kimoja. Viti vimekodiwa, pilau imeagizwa, wapiga makofi ndio sisi.

Mzee Luhaga naye hakulala vizuri. Jumatano alikuja kwenye kamati akiwa amechomekea shati, akasema hataki meza kuu. Anataka viti vyote vipangwe mstari mmoja, vitazame ziwani, na yeye akae katikati kama mwingine yeyote. Kamati ilimweleza kwamba kwa mpangilio huo hakutakuwa na mtu wa kumtazama mgeni rasmi. Akajibu kwamba anajua. Kamati imebishana siku mbili na imekubali, ingawa mpaka sasa mshereheshaji hajui asimame wapi.

Tunakushukuru, Mzee Luhaga, kwa majani yaliyotulinda na moto, kwa uvumilivu wako na maksai wa chuma, na kwa kicheko chako pale dirishani. Tunamshukuru Mama Paskazia. Mungu awape afya, mvua ya kutosha na wajukuu wasumbufu. Vukeni salama. Na kwa kuwa sisi wengine hatutaandikiwa chochote, ukifika kwenu wakakuuliza ulifanya kazi na akina nani, kaa chini, usiwe na haraka, ututaje majina.