Sista Severa na Fomu Zilizojibiwa "Nzuri"

Tarehe 30 mwezi huu Sista Severa anastaafu baada ya miaka thelathini na mbili ya uuguzi, kumi na minne kati yake kwenye kliniki yetu ya saratani za uzazi hapa Ilala. Tunaomfahamu tunajua siku hiyo atafika saa moja kasoro na kuuliza nani amehamisha kiti chake.

Alianzia wodi ya wazazi. Mpaka leo hapiti Mtaa wa Kongo bila kusimamishwa na mama anayetaka kumwonyesha mtoto aliyezaliwa mikononi mwa Sista, ambaye sasa ana ndevu.

Alipohamia kwetu alikabidhiwa kazi ambayo wengi tuliikwepa, yaani dodoso la kupima ubora wa maisha ya wagonjwa. Ni maswali thelathini, kuanzia usingizi na maumivu hadi tendo la ndoa. Miezi mitatu ya kwanza majibu yalikuwa mazuri mno. Unalalaje? Salama. Maumivu? Namshukuru Mungu. Madaktari walifurahi, na Sista, kwa maneno yake mwenyewe, alivimba kichwa.

Kisha Waridi, muuza vitenge wa Kariakoo aliyetibiwa saratani ya mlango wa kizazi, akakosa kliniki mara mbili. Fomu zake zilikuwa safi kuliko za wote. Sista alimfuata dukani, akamkuta anahudumia wateja kwa kusimama, kiti kimejaa mzigo. Tangu amalize mionzi maumivu hayakumruhusu kukaa, na kliniki aliiacha kwa sababu ya benchi letu la kusubiria. Sista akamuuliza mbona hakusema siku zote alipoulizwa. Waridi alishangaa kweli.

"Sista, si ulikuwa unanisalimia?"

Sista alilia siku hiyo, na haoni aibu kulisema. Alimrudisha Waridi kliniki akapata dawa, kisha akaanza upya fomu zote tisini. Tangu hapo husalimia kwanza mpaka salamu ziishe, watoto, biashara, hata majirani. Halafu huvaa miwani, hukaa benchi moja na mgonjwa, na kumwambia salamu zimekwisha, sasa anauliza. Huuliza kama ameweza kuinama kufua, kama alikaa harusini hadi mwisho. Alama zetu ziliporomoka, na mkubwa mmoja alipotaka kujua kliniki imeharibikaje, Sista alimjibu kwamba haijaharibika, ila sasa ndiyo imepimwa. Dawa za maumivu zikaanza kutolewa mapema.

Vijana aliwanoa bila huruma. Filbert, mmoja wao, aliwahi kuliruka swali la tendo la ndoa alipomhoji bibi wa miaka sitini na minane, akaandika halihusiki. Bibi aliomba fomu yake irudishwe, akajibu swali hilo kwa dakika ishirini, Sista akiwa amemsimamia Filbert asitoroke.

Wiki iliyopita tulimuuliza anaonaje kustaafu. Akasema vizuri tu, anamshukuru Mungu. Tukakaa naye benchini, tukamwambia salamu zimekwisha. Akavua miwani, akasema anaiogopa Jumatatu.

Waridi atakuwepo kwenye sherehe ya kumuaga. Ameomba kiti cha mbele. Sisi wengine, Sista, asante kwa kutufundisha kuuliza. Kila mwezi mmoja wetu atakuja kwako Magomeni, na Jumatatu ya kwanza ni zamu yangu. Tunakuombea siku njema nyingi, na zile zisizo njema utuambie.

Moza, Chumba cha Takwimu