Mahali pa Kulaza Nanga ya Akiba

Kijiwe chenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili, mbele ya karakana ya seremala, hatua kama mia hivi kutoka gatini. Kitasa hakikung'olewa, kwa hiyo kila mgeni hukikalia mara moja tu. Asubuhi ile ya Alhamisi walikuwapo watatu wa siku zote: Randa, mwenye karakana, Redio, anayetengeneza redio na kusema kuzishinda, na Tarishi, aliyesambaza barua za ofisini miaka thelathini na mmoja, akastaafu, akanunua mashua ndogo ya tanga. Bi Birika, muuza kahawa, alikuwa akimimina. Tarishi hakugusa kahawa yake. Jumapili iliyopita upepo uliilaza mashua upande, nanga ya akiba ikateleza kutoka chini ya kitanda cha mle ndani na kumponda mkewe vidole viwili vya mguu. Jumamosi hii walikuwa wavuke pamoja kwenda kumwona dada yake mke, safari ya siku nzima. Mke alishasema lake: "Mimi au hiyo nanga, mmoja wetu atabaki." Na tangu siku hiyo hakukanyaga tena gatini.

Tarishi alikunjua bahasha kubwa ya kaki juu ya goti. Nyuma yake alikuwa amechora kwa penseli.

— Nimekigawa chumba chote cha chini kama masanduku ya barua. Kumi na manne. Kila kitu na namba yake.

— Nanga namba ngapi? aliuliza Randa.

— Moja. Sakafuni kabisa, karibu na mguu wa mlingoti.

— Hapo umenena. Kizito kikae chini na katikati. Ukikisogeza mbele mno, mashua inachimba maji kwa pua. Nitakupigia sanduku la mbao, kifuniko chake skrubu nne.

— Nne? Redio alidakia. Weka nane!

— Wewe boti umepanda lini?

— Redio ngapi za maboti zimepita mikononi mwangu? Nayajua mambo yao yote. Haya, na dira je? Chuma kinavuta sindano. Mtu unajua unakwenda kwa shemeji yako, kumbe unarudi kwako kinyumenyume.

— Dira iko nyuma, kwenye usukani, alisema Tarishi. Mita tatu.

— Basi hilo umeponea chupuchupu.

Tarishi aliendelea kusoma kwa sauti ileile aliyokuwa akiitia majina ya kwenye barua. Madumu ya maji, namba mbili. Pampu ya mkono, tatu. Spana, tano. Tanga la akiba, sita, chini ya godoro, kifuniko kimekazwa kwa skrubu. Kamba ya boya, saba, chini ya tanga, isipate unyevu.

— Hilo tanga mngelitia kwenye foronya mkalilalia, alisema Bi Birika. Kitu kikilaliwa na mtu hakiendi popote.

— Bi Birika, tanga ni mita nane.

— Basi mlale wengi.

Walicheka, isipokuwa mwenye mashua. Randa alifuta macho, kisha akakaza uso.

— Jamani, tuseme kweli. Kinachoumiza watu ni nafasi. Kitu kikipata upenyo wa kidole kinatembea, kikitembea kinashika kasi. Ningekuwa mimi, chumba chote ningekijaza maranda mpaka darini. Nanga itakwenda wapi?

— Na wenyewe watakaa wapi? aliuliza Bi Birika.

— Juu! Mashua ni ya kukaa juu.

— Mnahangaika bure, alisema Redio. Ubaya uko kwenye hizo spea. Chombo kinajua, bwana. Ukibeba pampu ya pili, ya kwanza inadeka. Mteja wangu alinunua betri za akiba, siku hiyohiyo za ndani zikafa. Acha vyote nyumbani. Mashua ikijua haina wa kuisaidia, itajikaza yenyewe.

Tarishi alipitisha kidole juu ya namba zake. Siku tatu alikuwa ameinama mle chini akifunga mafundo, na kila fundo alilijaribu kwa kulikanyaga. Katika miaka yake ya kazi hakupoteza barua hata moja. Alichotaka ni kimoja: mkewe ashuke, atikise kila kitu, aone hakichezi, aseme, "Haya."

Mkewe alitokea upande wa barabara, mguu mmoja kwenye kiatu, mwingine una bendeji ndani ya kandambili ya mumewe. Wote walijisogeza.

— Karibu, shemeji, alisema Randa. Si hapo, kuna kitasa.

Hakukaa. Aliichukua bahasha akaisoma namba moja hadi kumi na nne, bila haraka.

— Nanga haitatoka?

— Haitoki, alisema Tarishi. Hata tukipinduka.

— Na hii kamba ya boya ni ya nini?

— Ya kumtupia mtu akianguka majini.

— Tuko wawili.

— Ndiyo.

— Ukianguka wewe, mimi naipata baada ya muda gani?

Randa aliangalia vidole vyake, kama anayehesabu skrubu. Tarishi alipita mle chini kwa mawazo: godoro, kifuniko, skrubu, tanga lisilobebeka kwa mkono mmoja, kisha mafundo mawili ambayo yeye peke yake alijua kuyafungua. Na muda huo wote mashua inazidi kwenda. Alikuwa amevipanga vitu visimfikie mkewe. Hakuwa amewaza mkewe atavifikiaje.

— Sijui, alisema.

— Pale gatini maji yanakufika wapi?

— Kifuani.

— Twende. Wewe ingia majini, mimi nishuke chini niitafute. Shemeji Redio atahesabu dakika.

— Na mguu?

— Mguu niachie mwenyewe.

Alishatangulia, akichechemea kuelekea gatini. Randa alichukua bisibisi, akakumbuka hakuna aliyemwomba, akairudisha. Tarishi aliinama, akaanza kuvua viatu.