Chumba cha Peke Yake

Pelagia na Jasoda hawakuwa wakijuana, lakini treni ilipoiacha Tura, Pelagia alikuwa ameshasikia yote kuhusu mtoto wa Jasoda, Mhindi mwenye duka la vitambaa mjini Tabora. Kijana alikuwa mwaka wa pili Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Tangu utotoni makelele yalimtesa, na watu hakuwatazama usoni.

"Sasa wamempa chumba cha peke yake," Jasoda alisema. "Hata mtihani anafanyia kando, palipo kimya."

Pelagia alimkumbuka mwanawe, Hilari. Naye alikuwa vivyo hivyo, na kwenye hesabu hakuwa na mpinzani; lakini kelele za bweni zilimshinda, akaacha chuo, akarudi Kigwa kulima tumbaku.

"Wenu hupewa vyumba," alisema. "Wetu, kama Hilari wangu, huambiwa wajikaze. Ndiyo ujamaa huo?"

"Hatukupewa hivi hivi, mama. Nilikwenda mwenyewe, nikalia mbele ya mwalimu mmoja mpaka akanisikiliza. Wewe ulikwenda?"

"Nani angenisikiliza mimi, mkulima?"

"Na mimi Mhindi, walianza kwa kunicheka."

Pelagia aligeukia dirishani. Treni iliposimama Kigwa alibeba kikapu chake, akashuka bila kuaga. Alipiga hatua chache, wivu ukimchoma, kisha akarudi mbio hadi chini ya dirisha la Jasoda.

"Mama, huyo mwalimu anaitwa nani?"